Mfungwa aliyegoma kufukia ngolo, na fomu yangu iliyokaribia kumpoteza

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa milimani na wa ziwani.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma visa vyenu, nacheka, naenda kulala. Lakini juzi mdau mmoja kauliza, "Hivi wafungwa huwa wanarekebika kweli, au tunalisha watu bure?" Nikaona hapa siwezi kupita kimya, kwa sababu kuna wakati mimi ndiye nilikuwa naandika nani karekebika na nani bado.

Ninachosimulia kimenitokea. Majina nimebadilisha na gereza silitaji, msinibane. Mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa, pamoja na yanayonidhalilisha, nayo si machache.

Twende.

Mimi ni Mnyasa, mzaliwa wa Kihagara. Nimekulia kwenye mihogo, dagaa na kengele ya kanisa la Kianglikana. Niliingia magereza kijana kabisa, nikazungushwa mikoa ya mbali, halafu miaka ya tisini nikarudishwa Ruvuma, kwenye gereza moja la kilimo lililo kwenye vilima.

Wenye umri wangu mnakumbuka kile kipindi. Ruksa ya biashara huria imeshika kasi, mitumba imejaa sokoni, ushirika unayumba, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda milimani na magari yao. Kila ofisi ilikuwa na neno jipya. Kwetu neno lilikuwa "programu".

Zamani mfungwa alikuwa analima, basi. Sasa tukaambiwa kila mfungwa apimwe, apangiwe programu inayomfaa, halafu tathmini ifanyike kuona kama imemrekebisha. Akaja mshauri wa mradi kutoka Dar na shehena ya fomu. Kurasa nne kwa kila mfungwa, visanduku vitupu, unatia tiki. Mkuu wa gereza akauliza nani ni mwenyeji wa wilaya hii. Nikanyoosha mkono.

Nilikuwa na kiherehere, wakuu. Sina neno lingine.

Siku hizo ziwani na milimani kote ilikuwa wilaya moja ya Mbinga, kwa hiyo nikahesabika mwenyeji wa kila mahali. Mkuu, ambaye alikuwa mtu wa mbali, akasema, "Vizuri, wewe unawajua hawa." Sikumrekebisha. Ukweli ni kwamba Wamatengo, watu wa milimani, nilikuwa nawajua kwa utani tu. Mashamba yao nilikuwa nimeyaona kutoka juu ya lori nikienda Mbinga mjini.

Kwa wasiojua, ngolo ni kilimo cha Wamatengo kwenye miteremko mikali. Nyasi zinakatwa, zinapangwa kwa mistari inayokatana mpaka kilima kizima kinakuwa miraba. Halafu udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi, pamoja na mbegu za maharage. Katikati panabaki shimo. Mvua ikija maji yanatulia mashimoni, udongo hauendi popote. Kilima kikimalizika kinafanana na sega la nyuki.

Mimi nilikuwa naliona sega. Nani anafanya nini mpaka likawa sega, hilo halikuwahi kunipita kichwani.

Basi, kazi ya kupanga ikaanza. Aliyewahi kushika randa, useremala. Aliyewahi kushika cherehani, ushonaji. Mmatengo, ngolo. Nilijiona fundi kweli kweli. Mtu wa ngolo umempa ngolo, kuna kosa gani hapo?

Sasa kuna mfungwa mmoja nitamwita Osmund. Mwanaume wa makamo, mwembamba, mkimya, Mkatoliki wa rozari shingoni. Alifungwa kwa kumkata mdogo wake panga la mkono katika ugomvi wa mpaka wa shamba la kahawa. Mdogo mtu alipona, lakini vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Osmund alikuwa ametumikia sehemu kubwa ya kifungo chake bila rabsha yoyote.

Na tathmini ile haikuwa ya kuchezea. Ikisema "amerekebika", jina linapelekwa kwenye kamati Songea, anaweza kumalizia kifungo nyumbani kwa masharti. Ikisema "hajarekebika", anahamishwa kumalizia gereza kubwa la mkoa wa mbali, ambako ndugu wa Mbinga kumfikia ilikuwa ndoto. Barabara za wakati ule mnazijua.

Kwa hiyo maisha ya Osmund yalikuwa kwenye kalamu yangu, na kalamu yenyewe ilikuwa na kiherehere.

Siku ya kwanza ya programu nikapeleka kundi kilimani. Osmund akashika nyengo, lile panga lililopinda la kukatia nyasi, akaanza kukata. Wakuu, yule mtu alikuwa anajua! Anakata, anarudi nyuma, anatazama mteremko kwa jicho moja, anasogeza tita la nyasi kidogo, anaendelea. Mistari imenyooka kama imepigwa rula. Wenzake wakawa wanamfuata yeye badala ya nyapara.

Nikatia tiki: bidii, ndiyo. Ujuzi, ndiyo.

Nyasi zilipokauka na kupangwa, nikaamuru majembe. Sasa chimbeni, fukieni.

Osmund akaweka nyengo chini, akasogea pembeni, akasimama.

"Wewe, jembe lako lile pale," nikamwambia.

"Kufukia hapana, afande."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nipe kilima kile kingine nikate peke yangu. Nipe hata viwili. Kufukia hapana."

Wafungwa wengine, wakiwemo Wamatengo wenzake, walikuwa wameshaanza kuchimba. Wawili watatu wakacheka chini chini. Mmoja akaniambia, "Afande, huyo mwacheni tu." Mimi nikasikia dharau. Nikaona huyu anachagua kazi nyepesi mbele ya watu, na mimi ni afande mgeni, nikilegea leo kesho wananipanda kichwani.

Nikaandika: hatii amri.

Siku ya pili nikampa jembe mkononi. Akalipokea kwa heshima kabisa, akalilaza chini taratibu. Hatii amri. Wiki iliyofuata tena, na safari hii akapewa adhabu. Akaitumikia bila kulalamika, akarudi kilimani, akakata nyasi kama mashine, na jembe akaliacha.

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilikuwa najiambia nimempa kazi ya kwao, ya babu zake, na bado ananitia aibu. Kumbe hapo ndipo kosa lilipokuwa limekaa, mimi nalikalia kama kigoda.

Sababu sikumuuliza hata mara moja. Fomu haikuwa na kisanduku cha sababu.

Mwisho wa ngwe nikajaza hitimisho kwa wino: HAJAREKEBIKA. Mkaidi, programu imeshindikana, ahamishwe. Nikapeleka kwa Mkuu asaini. Akasoma taratibu, akafika ukurasa wa nne, penye sehemu ya hali ya nyumbani. Nilikuwa nimeandika pale kwamba mke hajamtembelea muda mrefu, inasemekana ameondoka. Hayo nilikuwa nimeyaokota kwa wafungwa.

"Nyumbani kwake umefika?" akaniuliza.

"Sijafika, afande."

"Basi hii siyo ripoti, ni umbea. Gari la mbolea linakwenda Mbinga kesho. Panda. Kabla ya Ijumaa nataka ukurasa huu kutoka kwa watu wenye nyumba."

Nilimlaani moyoni siku ile. Leo namwombea kila nikimkumbuka.

Gari likaniacha stendi ya Mbinga, nikatembea saa tatu kupanda milima. Nyie wa milimani mna miguu ya namna gani? Sisi wa ufukweni kwetu pametandazwa. Nilifika nahema, viatu mkononi.

Kijijini nikaonyeshwa nyumba ya Osmund. Nilimkuta mwanamke anaanua kahawa uani, kanga kiunoni. Nikasema shikamoo, maana alinizidi umri. Akaitikia marahaba, akaiona sare yangu, akakaa chini palepale kwenye mkeka wa kahawa.

"Amekufa?"

"Hapana mama. Mzima. Nimekuja kwa mambo ya karatasi tu."

Akalia kidogo, halafu akanyanyuka akaniletea maji ya kunywa. Huyu ndiye Mama Kosmas, mke wa Osmund. Yule niliyemwandika kwamba ameondoka.

Nikamuuliza mbona haendi kumtembelea mumewe. Akasema Osmund mwenyewe alimkataza. Mara ya mwisho alipokwenda, mume alimwambia hataki amuone tena katika nguo zile, amngoje nyumbani. "Ndiyo namngoja," akasema, kama mtu anayejibu swali la kipuuzi.

Nikatoa fomu, tukazunguka shamba. Kahawa safi, imepogolewa. Migomba safi. Bonde la chini maharage yamejaa. Lakini mteremko mkubwa nyuma ya nyumba, ule ambao kila jirani alikuwa ameshaufanya ngolo, wa kwao ulikuwa pori. Nyasi zimefika kiunoni.

Nikashika kalamu. Wakuu, nilikuwa naandika "shamba limetelekezwa" nikiwa namtazama usoni!

Nikamuuliza kwa nini pale hapajalimwa.

"Pale ni pa ngolo," akasema. "Nyasi anakata yeye. Mimi nafukia."

"Si ungekata mwenyewe? Au ukamwomba mtu?"

Kabla hajajibu, akatokea mwanaume kwenye njia ya chini, akanipa mkono wa kushoto. Wa kulia vidole viwili vilikuwa vimenyooka. Alikuwa Leodgar, mdogo wake Osmund. Aliyekatwa. Nikajiweka sawa, nikijua sasa nitasikia lawama.

Leodgar akasema, "Afande, mimi miaka miwili nakuja na nyengo kumkatia shemeji. Ananifukuza. Ananiambia nyasi za kilima kile zina mwenyewe."

"Wewe unataka kumkatia nyasi mke wa mtu aliyekukata mkono?"

"Tulikuwa wajinga wote wawili," akasema. "Ule mpaka wa shamba tumeshauweka sawa mbele ya wazee na paroko. Kilichobaki ni yeye kurudi."

Halafu wakanieleza, kwa upole, kama unavyomweleza mgeni choo kilipo. Kwao kwenye ngolo mwanaume anakata nyasi na kuzipanga. Kuchimba na kufukia ni kwa mwanamke. Ndivyo nyumba inavyolima. Kwamba gerezani wanaume wanafukia walikuwa wamesikia, kijiji kizima kilikuwa kimecheka mpaka kuumwa mbavu.

Mimi nilisikia joto linapanda kutoka shingoni. Niliwaza zile "hatii amri" zangu zote tatu.

Mama Kosmas akauliza, "Kwani yeye huko anafukia?"

Nikamwambia hapana. Amegoma. Ameadhibiwa na bado amegoma.

Yule mama akageuka akatazama pori lake la nyasi, akatabasamu peke yake. Akaenda kunichemshia mahindi.

Nilirudi gerezani Alhamisi. Nikamwita Osmund ofisini, nikampa kiti, kitu ambacho sikuwahi kumpa mfungwa. Nikamwambia nimetoka kwake.

Nikaona mikono yake inashikana.

"Mama Kosmas hajambo. Anakungoja. Kilima cha nyuma ya nyumba hakijaguswa, anasema nyasi utakata wewe."

Akaniuliza swali moja tu. "Zimefika wapi?"

"Kiunoni."

Osmund akacheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Nikangoja. Nikamuuliza lile swali nililopaswa kumuuliza siku ya kwanza: kwa nini wenzako Wamatengo walifukia wewe ukagoma?

"Wale ni vijana, hawajaoa. Afande, baba yangu nilimwona akifukia mwaka mmoja tu, mwaka aliokufa mama. Alichimba kilima kizima peke yake, hasemi na mtu. Humu ndani watu wakawa wananiambia mke wako kaondoka. Nikasema siku nikishika lile jembe, nimekubali."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama vizuri. "Mambo ya chumbani kwangu, nikamwambie kijana wa ziwani?"

Nilikuwa nimestahili.

Sasa tatizo. Fomu moja tu kwa kila mfungwa, zina namba, na yangu ilikuwa imeshaandikwa kwa wino. Nikakata maneno yangu kwa mstari, nikaandika mapya juu, nikasaini kila nilipokata. Ukurasa ukawa kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Mkuu akaangalia, akaguna, akasaini. Akasema, "Kamati wakikuita, usinitaje."

Wakaniita kweli.

Nilisimama mbele ya watu watano Songea. Mmoja, mzee wa miwani, akasema huyu afande amepewa kitu na ndugu wa mfungwa, haiwezekani mtu awe mkaidi Jumatatu na malaika Ijumaa. Na amri ni amri.

Hapo niliona Osmund anapotea mikononi mwangu mara ya pili. Nikaamua kusema ukweli wote. Nikasema mimi ni Mnyasa wa Kihagara, ngolo nilikuwa naiona kwenye lori, nilijifanya najua nisichojua. Nikaeleza jinsi mfungwa alivyoomba vilima viwili vya kukata badala ya kimoja cha kufukia. Nikaeleza pori la mama na mkono wa Leodgar.

Kulikuwa na mama mmoja katika ile kamati, mwalimu mstaafu kutoka Mbinga. Alianza kucheka nikiwa katikati. Alicheka mpaka machozi, akajifuta.

"Mwanangu," akaniambia, "kwenu Kihagara dagaa wakitoka majini nani anaanika?"

"Wanawake, mama."

"Wewe umeshaanika?"

"Hapana, mama."

"Ukiletewa afande Mmatengo akakukalisha uanike dagaa mbele ya wavuvi wenzako, akikuandika umeharibika, tutamwamini?"

Chumba kizima kikacheka, mpaka yule mzee wa miwani. Nami nikacheka. Yule mama akawageukia wenzake akasema mtu aliyetunza nyumba yake akiwa kifungoni, na mdogo wake aliyekatwa panga anamngoja na nyengo, yeye hajui ni programu gani nyingine wanaitafuta.

Jina likapita.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Wakuu, ule unafuu sijawahi kuupata tena, hata siku mke wangu alipojifungua salama. Nilijisikia mwepesi. Nilinunua soda, nikainywa polepole, nikasahau hata kurudisha chupa.

Ile miezi michache iliyobaki kabla hajatoka, Osmund nilimpanga upya. Akawa mwalimu wa kukata na kupanga nyasi, vijana wasiooa na watu wa mikoa mingine wakafukia. Mvua zilipokuja kilima chetu hakikutoka hata tope. Na toka hapo, mfungwa akija mbele yangu, kabla ya kushika kalamu nilikuwa namuuliza: kwenu kazi hii anafanya nani, na nyumbani nani anakungoja?

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, nilikuwa Mbinga kwa shughuli zangu. Nikabeba dagaa wa nyumbani nikapanda mlima. Nilisikia vicheko kabla sijafika. Ule mteremko wa nyuma ya nyumba ulikuwa umekatwa wote, Osmund juu, Leodgar chini yake, wanapanga nyasi. Mama Kosmas na mke wa Leodgar nyuma yao na majembe, wanafukia.

Osmund akaniona, akashuka na nyengo, akanikabidhi.

"Afande, leo tathmini ni yako."

Nikavua shati. Nikakata, nikapanga mistari yangu mitatu. Ilipinda, wakuu, ilipinda kama njia ya mlevi. Mama Kosmas akaja akasimama juu yake na jembe lake, akaitazama kwa muda mrefu, akatingisha kichwa.

"Andikeni," akasema. "Hajarekebika."

Halafu akainama, akaanza kuifukia hivyo hivyo ilivyo.

Somo nililobeba mimi ni hili: kabla hujasema mtu kashindwa, angalia kwanza kama ulichompa ni cha kwake. Na ukiambiwa "wewe mwenyeji" wakati si mwenyeji, kataa mapema. Utaokoa watu.

Wamatengo mliomo humu, najua mnanicheka, chekeni tu. Waliowahi kufanya kazi magereza, ustawi au kwenye kamati kama zile, hebu semeni nanyi: ni nani mlimwandika vibaya, na mlikuja kujuaje? Na yule mdau aliyeuliza kama wafungwa wanarekebika, karibu, ila kwanza tuambie ulimuuliza nani kati yao.